Giants: Takwimu zamweka Bonds kileleni, Jumba la Mashujaa lamfungia mlango

JOPO la watu 16 lilipoketi Desemba 2025 kuamua ni wachezaji gani wa zamani wa besiboli waliostahili kuingizwa katika Jumba la Mashujaa mjini Cooperstown, jimbo la New York, majina mawili kati ya manane yaliyokuwa mezani yalitoka katika chumba kimoja cha kubadilishia mavazi. Jeff Kent na Barry Bonds walivalia jezi ya San Francisco Giants pamoja kwa misimu sita, kuanzia 1997 hadi 2002. Kent alipata kura 14, mbili zaidi ya zile 12 zilizohitajika. Bonds hakufikisha hata tano.

Kura chini ya tano zina adhabu yake. Kwa mujibu wa kanuni mpya za Jumba hilo, mwaniaji wa aina hiyo huachwa nje ya orodha katika awamu inayofuata ya kundi lake. Hii ina maana kwamba jina la Bonds haliwezi kurejeshwa mezani kabla ya Desemba 2031, atakapokuwa na umri wa miaka 67. Akikosa tena kura hizo tano, mlango utafungwa kabisa.

Lau takwimu ndizo zingepiga kura, mambo yangekuwa kinyume. Pigo la kuvuka uzio, ambalo wapenzi wa kriketi hapa nchini wanaweza kulilinganisha na lile la mikimbio sita, ndilo linalothaminiwa zaidi katika besiboli, na hakuna mja aliyewahi kuyapiga mengi katika ligi kuu ya Marekani kumshinda Bonds. Aliyapiga 762 kabla ya kuondoka uwanjani 2007. Katika msimu mmoja wa 2001 aliyapiga 73, rekodi ambayo haijavunjwa. Tuzo ya Mchezaji Bora wa Ligi aliitwaa mara saba, tano kati yake akiwa na Giants. Hadi msimu wa 2025 ulipomalizika, hapakuwa na mwingine aliyepata zaidi ya nne.

Kent alikuwa mchezaji hodari, hilo halina ubishi. Mapigo yake 351 ya kuvuka uzio akilinda kituo cha pili ni rekodi ya nafasi hiyo. Lakini hata mama yake mzazi hangethubutu kumlinganisha na mwenzake huyo. Ndiposa uamuzi wa jopo umezua upya swali ambalo klabu ya Giants imeishi nalo kwa miaka mingi: kati ya kitabu cha takwimu na kabati la tuzo, ni kipi kinachosema ukweli kuhusu mchezaji?

Kura za waandishi

Giants ni mojawapo ya klabu kongwe zaidi katika mchezo huo. Iliasisiwa New York mnamo 1883, ikahamia San Francisco 1958, na imetwaa taji la World Series, yaani fainali kuu ya ligi, mara nane. Kwa muda wote huo kila mrusho, kila pigo na kila kosa limeandikwa. Wamarekani huzisoma tarakimu hizo jinsi wakulima wanavyosoma mawingu.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba takwimu hujiandika zenyewe. Katika kila mechi huwa kuna afisa anayeketi miongoni mwa wanahabari na kuamua kama mpira uliomponyoka mlinzi utahesabiwa kuwa pigo halali la mshambuliaji au kosa la mlinzi. Wastani wa mchezaji unaweza kupanda au kushuka kutokana na uamuzi wa mtu huyo mmoja. Aidha, takwimu za mchezaji hutegemea wenzake, jambo linalodhihirika wazi mtu akiutazama msimu wa 2000.

Mwaka huo tuzo ya Mchezaji Bora wa National League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, ilimwendea Kent. Bonds alimaliza wa pili. Kent alikuwa na wastani wa mapigo wa .334, alivusha uzio mara 33 na kuwawezesha wenzake na yeye mwenyewe kufunga mikimbio 125. Zilikuwa takwimu za kujivunia. Lakini Kent alipiga akimfuata Bonds katika zamu, na warushaji, kwa kumwogopa Bonds, walimwachia kituo bure mara 117 msimu huo. Kent alipoingia zamuni, mara nyingi alimkuta tayari kuna mtu kituoni akisubiri kurudishwa nyumbani. Sehemu ya zile 125, basi, ilikuwa matunda ya hofu ambayo watu walikuwa nayo kwa mtu mwingine.

Tuzo hiyo hupigiwa kura na waandishi wa habari za besiboli, wawili kutoka kila mji wenye klabu katika ligi husika. Uhusiano wa Bonds na waandishi ulikuwa mbaya kupindukia. Aliwadharau, nao wakamwandika kama alivyowatendea. Lakini ukweli usemwe: waandishi hao hao ndio waliompa tuzo nne mfululizo, 2001 hadi 2004. Chuki haikuwazuia kuona. Mwaka wa 2004 warushaji walimwachia kituo bure mara 232, na mara 120 kati ya hizo ilikuwa kwa makusudi ya wazi, kana kwamba timu pinzani ziliafikiana kwamba heri kumpa zawadi kuliko kumpa nafasi.

Bonds na Kent wenyewe hawakupikika chungu kimoja. Juni 2002, katika mechi iliyochezewa San Diego, walishikana mashati mbele ya kamera kwenye kibanda cha wachezaji baada ya Kent kumkaripia mwenzao, David Bell. Kocha Dusty Baker alilazimika kuingilia. Timu iliyokuwa na ugomvi huo ilifika fainali kuu mwaka huo na kupoteza katika mechi ya saba dhidi ya Anaheim Angels.

Kivuli cha maabara

Kilichomgeuza Bonds kutoka gwiji hadi mtuhumiwa kilianzia katika maabara ndogo iliyojulikana kama BALCO, si mbali na San Francisco. Maafisa wa serikali waliivamia Septemba 2003 na kugundua mtandao wa usambazaji wa dawa za kututumua misuli, maarufu kama pufya. Wasomaji wanaofuatilia riadha wanalikumbuka jina hilo kwa sababu ya mtimkaji Marion Jones, aliyeshinda medali tano katika Olimpiki za Sydney 2000. Jones alikiri mnamo 2007, akazirejesha medali zote tano, na 2008 akatumikia kifungo cha miezi sita kwa kuwadanganya wachunguzi kuhusu dawa hizo na kuhusu ulaghai wa hundi. Matokeo yake yakafutwa kwenye kumbukumbu za riadha.

Bonds alihojiwa na jopo la mahakama Desemba 2003. Gazeti la San Francisco Chronicle lilifichua mwaka uliofuata kwamba alikubali kutumia mafuta na vimiminika alivyopewa na mkufunzi wake Greg Anderson, ila akasema alidhani ni mafuta ya mbegu za kitani na dawa ya kuchua maumivu ya viungo. Anderson alikataa katakata kutoa ushahidi dhidi yake na akafungwa kwa ukaidi huo zaidi ya mara moja. Bonds alishtakiwa Novemba 2007, akapatikana na hatia ya kutatiza haki Aprili 2011, na hatimaye Mahakama ya Rufaa ikaifuta hatia hiyo Aprili 2015. Ligi yenyewe haikuwahi kumpiga marufuku kwa pufya.

Hapa ndipo besiboli inapotofautiana na riadha, na tofauti hiyo si ndogo. Ligi kuu ilikuwa imepiga marufuku dawa za aina hiyo kwa waraka wa 1991, lakini haikuwa na utaratibu wa kuwapima wachezaji. Vipimo vya kutathmini ukubwa wa tatizo vilianza 2003, na adhabu zenye uzito zikafuata baadaye. Bonds alipovusha uzio mara 73 mwaka wa 2001, hakuna aliyekuwa akipima mkojo wa yeyote. Viwanja vilijaa, vituo vya runinga vikavuna, na wakuu wa mchezo wakafumba macho. Kuja baadaye kumlaumu mchezaji mmoja au wawili kwa yaliyotendwa mbele ya macho yaliyofumbwa kwa hiari ni kujitakasa kwa maji ya mwenzio.

Riadha nayo haijasalimika na utata wake. Mwanariadha wa Kenya Ruth Chepngetich alipigwa marufuku kwa miaka mitatu Oktoba 2025 kufuatia sampuli iliyochukuliwa Machi 14 mwaka huo, na matokeo yake ya kuanzia siku hiyo yakafutwa. Muda wake wa saa 2:09:56 katika marathon ya Chicago ya Oktoba 2024 haukuguswa, kwa kuwa uliwekwa kabla ya sampuli hiyo. Kwa hivyo, hata mahali penye kifutio, kifutio kina mipaka.

Katika besiboli hakuna kifutio. Nambari 762 iko palepale. Klabu ya Giants pia imeiheshimu: Agosti 2018 ilistaafisha jezi namba 25 aliyoivaa Bonds, hivi kwamba hakuna mchezaji wake mwingine atakayeivaa. Katika orodha ya klabu, Bonds ni wa pili kwa mapigo 586 ya kuvuka uzio, nyuma ya Willie Mays mwenye 646 na mbele ya Mel Ott mwenye 511 na Willie McCovey mwenye 469. Bonds alikuwa mtoto wa ubatizo wa Mays, na babake, Bobby Bonds, aliichezea Giants kuanzia 1968. Orodha hiyo ya takwimu karibu ni ya ukoo.

Waandishi wenye uanachama wa miaka kumi au zaidi ndio wanaopiga kura ya kwanza ya kuingia Cooperstown, na mwaniaji huhitaji asilimia 75. Bonds alianza na asilimia 36.2 mnamo 2013 na kupanda polepole hadi asilimia 66 katika jaribio lake la kumi na la mwisho, 2022. Thuluthi mbili ya waliopiga kura walimkubali, na bado hakuingia. Ndipo suala lake likapelekwa kwa majopo madogo ya akina Kent, na huko mambo yakamwendea mrama zaidi.

Mkasa wa 2012

Yupo mchezaji mwingine wa Giants ambaye kisa chake hakitajwi sana, ilhali ndicho kinachotoa funzo kubwa zaidi kuhusu namna takwimu na heshima zinavyoweza kuachana njia.

Melky Cabrera alijiunga na Giants kwa msimu wa 2012 na kuuwasha moto. Alichaguliwa mchezaji bora wa mechi ya nyota wote wa ligi mwezi Julai. Kufikia katikati ya Agosti alikuwa na wastani wa .346. Agosti 15 ilitangazwa kwamba amepatikana na homoni ya testosterone isiyo ya kawaida mwilini, akasimamishwa mechi 50, zilizotosha kummalizia msimu.

Hesabu ndizo zilizoleta kizaazaa. Ili mchezaji atangazwe kinara wa wastani wa mapigo, ni lazima awe ameingia zamuni angalau mara 502. Cabrera alikuwa ameingia mara 501. Hata hivyo, kulikuwa na kanuni ya zamani, iliyotungwa kwa nia njema ya kuwalinda wanaoumia, iliyoruhusu zamu zilizopungua kuongezwa kwenye hesabu kana kwamba mchezaji aliingia na kushindwa. Ukimwongezea Cabrera zamu moja ya kushindwa, wastani wake bado ungebaki juu ya wote. Mtu aliyefungiwa kwa pufya angetawazwa kinara wa ligi akiwa amekaa nyumbani, na taji hilo lingebaki na jina lake daima.

Cabrera mwenyewe ndiye aliyeandika kwa chama cha wachezaji akiomba asihesabiwe. Alisema hakutaka taji lililochafuka. Ligi na chama hicho wakaafikiana Septemba kuiweka kando kanuni hiyo kwa msimu huo pekee. Taji likamwendea mdakaji wa Giants mwenyewe, Buster Posey, kwa wastani wa .336. Posey akawa mdakaji wa kwanza kuongoza National League kwa wastani wa mapigo tangu 1942, na baadaye akatunukiwa tuzo ya Mchezaji Bora wa Ligi. Giants walitwaa ubingwa mwaka huo bila Cabrera, ambaye marufuku yake ilikuwa imekwisha lakini klabu ikaamua kutomrejesha kikosini.

Wastani wa .346 haukufutwa. Ukifungua kumbukumbu za 2012 utaukuta, umeandikwa wazi kando ya jina lake. Kilichoondolewa ni cheo cha ukinara peke yake. Wengi walimwona Cabrera kama aliyejaribu kuokoa sura baada ya kunaswa, na huenda walisema kweli. Lakini si wengi katika mchezo huo waliowahi kulikataa taji ambalo kanuni iliwapa.

Wengine walipita

Anayemnyima Bonds nafasi kwa hoja ya udanganyifu ana deni la kueleza habari za Gaylord Perry. Mrushaji huyo aliichezea Giants kutoka 1962 hadi 1971, na kufikia mwisho wa safari yake katika klabu mbalimbali alikuwa ameshinda mechi 314. Alijulikana kwa kuupaka mpira mate na mafuta ili uyumbe hewani, jambo lililopigwa marufuku tangu 1920. Hakulificha sana, mnamo 1974, akiwa bado anacheza, alichapisha kitabu akikiri. Waandishi walimwingiza Cooperstown 1991, na 2016 Giants wakamjengea sanamu nje ya uwanja wao. Watu huicheka habari ya Perry kama hadithi za sungura mjanja. Ile ya Bonds hawaicheki.

Kuna na ile ya 1951. Giants, wakati huo wakiwa New York, walikuwa nyuma ya mahasimu wao Brooklyn Dodgers kwa tofauti kubwa mwezi Agosti, wakaifuta, na wakatwaa ubingwa wa National League kwa pigo la kuvuka uzio la Bobby Thomson, Oktoba 3, ambalo bado huhesabiwa miongoni mwa mapigo mashuhuri zaidi. Miaka 50 baadaye, mnamo 2001, baadhi ya wachezaji wa kikosi hicho walikiri katika gazeti la Wall Street Journal kwamba timu ilitumia darubini iliyofichwa ng'ambo ya uwanja kuiba ishara za wapinzani. Thomson alikana kwamba aliambiwa aina ya mrusho uliokuwa ukija. Hakuna taji lililorejeshwa.

Tuzo nazo huwapita wanaostahili bila udanganyifu wowote kuhusika. Juan Marichal, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, alishinda mechi 20 au zaidi katika misimu sita ya miaka ya 1960 akiwa na Giants, mara mbili akifikisha 25 na mara moja 26. Hakuwahi kupata tuzo ya Cy Young, anayopewa mrushaji bora. Hadi 1966 tuzo hiyo ilikuwa moja kwa ligi zote mbili, na Sandy Koufax wa Dodgers alikuwa hai na mzima. Mnamo 1968, Marichal aliposhinda mechi 26, Bob Gibson wa St. Louis alishinda 22 tu, lakini kwa wastani wa mikimbio 1.12, na tuzo ikaenda huko. Mgiants wa kwanza kuishika alikuwa Mike McCormick, 1967, jina ambalo mashabiki wengi vijana hawalijui.

Waliohesabiwa kwa kuchelewa

Willie Mays ndiye nguli wa klabu hii kwa kipimo chochote. Mchezaji Chipukizi Bora wa 1951, Mchezaji Bora wa Ligi 1954 na 1965, Glavu 12 za Dhahabu kwa umahiri wake wa ulinzi. Hata yeye, ukiichunguza orodha, ana pengo la kuchekesha na kusikitisha. Kwa mikimbio aliyoiwezesha akiwa Giants, Mays ana 1,859. Mel Ott, anayeongoza, ana 1,860. Mmoja tu. Mays alipoteza sehemu kubwa ya msimu wa 1952 na msimu wote wa 1953 akilitumikia jeshi, na 1972 aliuzwa kwa New York Mets, ambako aliongeza mingine isiyohesabiwa kwa klabu yake ya awali.

Pengo kubwa zaidi lilikuwa la kutengenezwa na watu. Kabla ya Jackie Robinson kuingia uwanjani na Dodgers Aprili 1947, wachezaji weusi walifungiwa nje ya ligi kuu na kulazimika kucheza katika ligi zao wenyewe. Mays alianzia huko, akiwa kijana wa miaka 17 katika timu ya Birmingham Black Barons mnamo 1948. Kwa zaidi ya nusu karne mapigo yake ya mwaka huo hayakuhesabiwa popote katika kitabu rasmi. Ligi kuu ilizitambua ligi saba za weusi za kati ya 1920 na 1948 kwa tangazo la Desemba 2020, na mwishoni mwa Mei 2024 ikaziingiza takwimu za wachezaji zaidi ya 2,300 katika kumbukumbu zake.

Josh Gibson, mdakaji aliyefariki Januari 1947, miezi mitatu tu kabla ya mlango kufunguliwa, akawa kinara wa wastani wa mapigo wa nyakati zote kwa .372, akimpiku Ty Cobb mwenye .367. Mays aliongezewa mapigo 10, jumla yake ikafika 3,293. Wastani wake ulishuka kidogo, kutoka .302 hadi .301, kwani kuhesabiwa ni kuhesabiwa kwa yote, ya kupendeza na yasiyopendeza. Yale mapigo 660 ya kuvuka uzio hayakuongezeka hata moja.

Mays alifariki Juni 18, 2024, akiwa na umri wa miaka 93, majuma matatu hivi baada ya hesabu hiyo. Siku mbili baadaye Giants walicheza na St. Louis Cardinals katika uwanja wa Rickwood mjini Birmingham, pale pale alipoanzia. Mechi ilikuwa imepangwa kwa heshima ya ligi za weusi. Ikageuka kuwa matanga. Giants walishindwa 6-5.

Jambo jingine linafaa kutajwa hapa kwa wale wanaoziona tuzo kuwa takatifu. Kwa zaidi ya miaka 70, bamba la tuzo ya Mchezaji Bora wa Ligi lilibeba jina la Kenesaw Mountain Landis, aliyekuwa kamishna wa besiboli kutoka 1920 hadi alipofariki 1944. Katika kipindi chake chote hakuna mchezaji mweusi aliyeruhusiwa katika ligi kuu. Mays, McCovey, Kevin Mitchell na Bonds, wote weusi, walipokea tuzo zenye jina hilo. Waandishi waliliondoa Oktoba 2020.

Tuzo isiyo na takwimu

Giants wana tuzo yao ya ndani, iliyoanzishwa 1980 kwa heshima ya McCovey. Huitwa Willie Mac, na miongoni mwa wanaoiamua ni wachezaji wenyewe pamoja na makocha wao, wakimchagua mwenzao aliyeonyesha moyo na uongozi. Haina kipimo cha tarakimu. Mwaka wa 1989 Mitchell alikuwa Mchezaji Bora wa Ligi baada ya kuvusha uzio mara 47. Tuzo ya Willie Mac ilimwendea Dave Dravecky, mrushaji aliyecheza mechi mbili pekee mwaka huo.

Dravecky alikuwa amepasuliwa mkono wa kushoto, ule wa kurushia, ili kuondoa uvimbe wa saratani, na sehemu kubwa ya msuli wa bega ikaenda nao. Madaktari hawakutarajia arudi uwanjani. Agosti 10 alirudi na kushinda. Siku tano baadaye, akirusha mpira mjini Montreal, mfupa wa mkono ulivunjika kwa mlio uliosikika uwanjani. Timu ilishinda mechi hiyo pia na ikaandikwa kwa jina lake. Hakurusha tena katika ligi, na mkono ukakatwa 1991. Kitabu cha takwimu kinasema: mechi mbili, ushindi mara mbili.

Kent aliipata Willie Mac 1998, mwaka wake wa pili San Francisco. David Bell, yule aliyekaripiwa kibandani, aliipata 2002. Bonds alikaa Giants misimu 15, akaibeba timu mabegani mwake, na wenzake hawakumchagua hata mara moja. Pengine kura hiyo ya chumbani inaeleza mengi kuhusu majopo ya baadaye kuliko faili zote za BALCO. Lakini ikiwa ni tabia ndiyo inayopimwa, Jumba lingefaa liseme hivyo waziwazi badala ya kujificha nyuma ya pufya, kwa sababu Ty Cobb, ambaye watu wa wakati wake walimwona mkorofi wa kupigiwa mfano, alikuwa miongoni mwa watano wa kwanza kuchaguliwa.

Mays alizungumza siku ile ya Agosti 2018 jezi namba 25 ilipostaafishwa. Akiwa na umri wa miaka 87, alisimama mbele ya mashabiki wa San Francisco na kuwarai wapiga kura wamwingize mwanawe wa ubatizo Cooperstown. Hakusikizwa, na hatakuwapo kura ijayo itakapopigwa.

Mpira ambao Bonds aliuvusha uzio Agosti 7, 2007, pigo la 756 lililoivunja rekodi ya Hank Aaron, ulinunuliwa mnadani na mwanamitindo Marc Ecko kwa dola 752,467. Ecko aliwaachia umma uamuzi wa kuupeleka Cooperstown ulivyo, kuuchoma alama ya kinyota cha shaka, au kuurusha angani kwa roketi. Kinyota kilishinda. Mpira huo, ukiwa na tundu la kinyota lililochongwa ubavuni, umo ndani ya Jumba la Mashujaa tangu 2008.